Kuchagua Opsio ni Kuchagua Milango



Sisi wa mwaka wa nne wa humanite tulipewa kazi ya kutayarisha somo la gazeti hili. Hatukutafuta mbali. Kila siku wadogo wetu wa darasa la nane wanatushika njiani, huku Songo na hata kule Mulongwe, wanatuuliza: "Yaya, opsio gani iko muzuri?" Mwisho wa mwaka huu watachagua. Na wengi watachagua kwa siku moja neno litakalowashika kwa miaka kumi. Basi tuliketi pamoja na walimu wetu, tukaliangalia swali hilo polepole.

Jibu letu tunalitoa hapa mwanzo. Opsio iliyo nzuri kwa watu wote haiko. Opsio nzuri kwako ni ile inayofungua mlango wa kazi unayoitaka, ambayo buletini yako inaonyesha kwamba unaiweza, na inayokuachia mlango wa pili kama ule wa kwanza ukifungwa. Kazi, buletini, mlango wa pili. Mambo hayo matatu ndiyo somo lote.

1. NJIA INAPITA WAPI

Wazazi wengi wanahesabu bado kwa namna ya zamani: sekondari miaka sita, miwili ya kuelekezwa na mine ya seksio. Leo majina yamebadilika. Baada ya darasa la sita mtoto anaingia darasa la saba na la nane, na hapo anamaliza elimu ya msingi. Mwisho wa darasa la nane kuna mtihani wa kuelekeza wanafunzi. Kiisha ndipo anaingia seksio na opsio, yaani humanite, miaka mine.

Mwisho wa humanite kuna Mtihani wa Serikali, ule tunaouita Egzeta. Mtihani huu ulianza mwaka wa 1967, na tangu wakati ule ndio daraja la kuingia chuo katika inchi yetu. Sehemu ya kwanza, pamoja na insha ya Kifaransa, inatangulia. Baadaye zinakuja siku nne za session yenyewe. Anayepata 50 kwa mia au zaidi anapewa diploma ya serikali.

Katika vyuo pia hesabu imebadilika. Zamani mtu alifanya gradua miaka mitatu, kiisha lisansi miaka miwili. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi nzima iliingia katika mpango unaoitwa LMD: lisansi miaka mitatu, masta miaka miwili, mbele yake doktora. Angalieni neno hili, maana linachanganya watu katika familia. Lisansi ya baba mdogo aliyesoma zamani ilikuwa miaka mitano. Lisansi ya leo ni miaka mitatu. Mkizungumza nyumbani juu ya feza, ulizeni kwanza: tunasema lisansi gani?

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Mtoto aliyemaliza darasa la nane na miaka 14 atapata diploma na miaka 18, lisansi na miaka 21, masta na miaka 23. Ni kama hakurudia darasa hata moja, na kama familia haikukosa minervali hata mwaka mmoja. Udaktari unapita hapo, ni miaka mingi zaidi. Ndiyo maana tunasema kuchagua opsio si neno la siku moja.

2. KILA OPSIO NA MILANGO YAKE

Tutataja zile zinazojulikana zaidi. Si kila shule inazo zote.

Hesabu-Fizikia inaelekea uinjinia, ujenzi, umeme, kompyuta, na hata uchumi, kwa maana uchumi wa chuo ni hesabu tupu.

Kemia-Biolojia, ile tunayoiita biokimi, inaelekea udaktari, uuguzi, maabara, kilimo, matibabu ya mifugo, na masomo ya ziwa na samaki.

Latini-Filozofia inaelekea sheria, lugha, historia, uandishi wa habari na theolojia.

Pedagojia inatayarisha walimu wa shule ya msingi. Mwenye diploma hii, ile ya D6, anaweza kusimama mbele ya darasa bila kungoja chuo. Inaelekea pia ISP, chuo kinachotayarisha walimu wa sekondari, na masomo ya saikolojia.

Komersiali inafundisha hesabu za ofisi na biashara. Inaelekea benki, usimamizi, uchumi.

Ufundi uko wa namna nyingi: mekanike, umeme, ujenzi, kilimo, mifugo, ushonaji. Hapa mkono unaanza kazi mapema. Lakini ufundi haufungi chuo. Mwenye bidii anaendelea, na mara nyingi anaelewa kuliko yule aliyeona mashine kwenye ubao tu.

Uuguzi wa A2 unasomwa katika shule za ITM, ni ngazi ya sekondari. Anayeendelea ISTM anapanda ngazi. Basi mtu akisema "mi nataka kuwa infirmie", aulizwe: wa ngazi gani?

Sasa sikilizeni vizuri. Watu wanasema, "Diploma ya serikali ni moja, unaingia kokote." Kwa upande mmoja ni kweli, diploma ni ya serikali kwa opsio zote. Lakini mlango wa chuo una walinzi wawili. Wa kwanza ni jaribio la kuingia, ambalo vyuo vingi vinalitoa, zaidi kwa masomo yanayotakiwa na watu wengi kama udaktari. Wa pili ni mwaka wa kwanza wenyewe. Profesa wa kemia anaanza pale biokimi ilipoishia. Hatarudi nyuma kwa ajili ya yule aliyesoma komersiali. Huyu atasoma usiku kucha kufikia pale wenzake walipoanzia asubuhi. Wako wanaofaulu namna hiyo, tunawaheshimu. Lakini wengi wanarudia mwaka, na mwaka wa kurudia unalipwa na mama anayeuza ndagala.

Neno lingine ni Kifaransa. Opsio yoyote utakayochukua, chuo katika inchi yetu kinafundisha kwa Kifaransa, na pale Bujumbura vilevile. Mwanafunzi anayejua hesabu lakini haelewi swali lilivyoandikwa anapoteza alama za hesabu, si za Kifaransa tu. Soma ukurasa mmoja kila siku. Bure kabisa.

3. BOMBA MOJA LA MAJI

Wengine wanafikiri kazi za maana ni mbili tu: daktari na mwanasheria. Tuchukue basi kitu kimoja tunachokijua sote hapa Uvira, ni bomba la maji.

Mji wetu unajulikana kwa ugonjwa wa kipindupindu tangu miaka mingi. Mwaka wa 2015 watafiti walichapisha uchunguzi uliofanywa hapa Uvira, kwa hesabu za mwaka wa 2009 mpaka 2014. Waliweka pamoja vitabu viwili. Kimoja kilionyesha maji yaliyotoka kila siku katika mitambo ya Regideso, na kingine wagonjwa walioingia kila siku katika kituo cha kutibu kipindupindu. Wakaona kwamba maji yakikatika, siku zinazofuata wagonjwa wanaongezeka. Mama zetu walilijua neno hilo bila vitabu. Lakini hesabu zikiandikwa, mtu wa mbali anaweza kuamini na kuleta mabomba.

Sasa jiulizeni ni watu wangapi wanahitajiwa ili bomba moja lisikauke. Mtu wa Hesabu-Fizikia anapima mwinuko wa mlima na nguvu ya maji. Fundi wa umeme anatengeneza pampu. Mtu wa ujenzi anachimba na kujenga tangi. Mtu wa biokimi anapima maji katika maabara kama yana wadudu. Mtu wa komersiali anashika hesabu, maana ofisi isiyojua nani amelipa haina feza ya kununua kipande kilichovunjika. Mwuguzi anaandika wagonjwa katika daftari bila kuruka siku. Mwalimu anafundisha watoto kunawa mikono. Mwanasheria anaandika mapatano. Ukiondoa mmoja wao, bomba linakauka.

Tunaweza kusema hivyohivyo juu ya mafuriko. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulitoka njiani mwake. Watu walikufa, nyumba nyingi zilibomoka. Mji uliojengwa kati ya mlima na ziwa unahitaji watu wanaojua mito, udongo, miti na kuta. Na ziwa lenyewe ni chuo kikubwa. Tanganyika ina kina cha mita 1470 hivi, na inchi nne zinaligawana. Hapa mjini kwetu kiko kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, ambapo watu wanasoma maisha ya samaki. Ni wangapi kati yetu walipita karibu yake bila kujua kwamba ndani iko kazi ya mtu wa biokimi?

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza, "Opsio gani ina jina?" Anza kwa kuuliza, "Shida gani ya hapa kwetu inaniuma, na ni kazi gani inayoigusa?" Kiisha rudi nyuma hatua kwa hatua: kazi hiyo inataka chuo gani, na chuo hicho kinataka opsio gani.

4. MTOTO WA PASTA WA BUKAVU

Mfano wa mtu mmoja utatusaidia kuona mlango wa pili ni nini. Ni Denis Mukwege, ambaye inchi yote inamjua.

Alizaliwa Bukavu mwaka wa 1955, mtoto wa pasta wa kanisa la Kipentekoste. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mchanga mgonjwa. Baba aliomba, lakini hakutoa dawa. Mtoto akauliza sababu. Baba akajibu kwamba yeye si mganga. Basi mtoto akasema moyoni kwamba yeye atakuwa mganga, baba ataomba na yeye atatoa dawa. Hapo alikuwa na kazi na sababu ya kazi.

Alisoma sekondari Bukavu, katika Institut Bwindi, opsio ya biokimi, akapata diploma mwaka wa 1974. Lakini hakuingia udaktari. Alienda Kinshasa, akakaa karibu miaka miwili katika masomo ya uinjinia. Mwaka wa 1976 akaacha, akaingia udaktari Burundi, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Alimaliza mwaka wa 1983. Alianza kazi katika hospitali ya Lemera, hapa juu katika milima ya teritware yetu ya Uvira. Pale aliona akina mama wanafika wamechelewa, wamebebwa safari ndefu, wengine wanakufa wakizaa. Hilo likamfanya achague utabibu wa wanawake. Alipata msaada wa masomo, akaenda Angers, Ufaransa, na mwaka wa 1989 akarudi. Mwezi wa kumi 1996 vita iliharibu hospitali ya Lemera, wagonjwa waliuawa. Mwaka wa 1999 hospitali ya Panzi ilianza Bukavu. Mwaka wa 2018 akapewa Nobeli ya Amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Wengine wakisoma maisha hayo wanaona Nobeli tu. Sisi tunawaomba muangalie mwaka wa 1976. Kijana amepoteza karibu miaka miwili mahali ambapo si pake. Angeweza kusema, "Imekwisha." Sababu gani aliweza kugeuka? Alikuwa na biokimi nyuma yake. Opsio aliyoichagua akiwa mtoto ilikuwa imemwachia mlango wazi. Kama angalichagua opsio nyepesi kwa kukimbia kemia, hamu ya udaktari ingalibaki, lakini njia ingalikuwa ngumu sana.

Tena alisoma Burundi kwa sababu aliona mlango pale ulipokuwa, hakungoja ule wa Kinshasa peke yake. Huo ndio mlango wa pili.

5. SABABU ZISIZOTOSHA

Tuliwauliza wenzetu sababu zilizowafanya wachague opsio zao. Hatutaji mtu. Tunaandika tu yale tuliyosikia mara nyingi, na jibu letu.

"Rafiki yangu yuko kule." Urafiki ni kitu chema. Lakini rafiki hatakukalia mtihani, na baada ya miaka minne kila mtu anaenda njia yake.

"Mi naogopa hesabu." Tunaelewa. Lakini komersiali ina hesabu, pedagojia ina hesabu, na Egzeta inazitafuta hesabu pande zote. Ukikimbia hesabu utakutana nazo mbele. Afadhali umwombe mwalimu akusaidie ukiwa bado darasa la nane. Samaki mkunje angali mbichi.

"Opsio hii ni ya wasichana, ile ni ya wanaume." Neno hili limeharibia dada zetu wengi. Sophie Kanza alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya chuo kikuu, Geneva, mwaka wa 1964, na mwaka wa 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika inchi yetu. Wakati wa uhuru mwaka wa 1960, wanaume wenyewe waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika thelathini katika inchi nzima. Kama katika miaka ile msichana aliweza, leo nani atamwambia binti wa Songo kwamba fizikia si yake? Ushonaji ni kazi ya heshima kwa anayeupenda. Lakini usiwe sanduku la kuwekea kila msichana.

"Mjomba atanipatia kazi pale anapofanya." Mjomba anaweza kuhamishwa, na mahali penyewe panaweza kufungwa. Waulizeni wazee juu ya kiwanda cha sukari cha Kiliba. Kilikuwa kikubwa, watu walitoka mbali kuja kutafuta kazi, na vijana walifikiri kazi iko pale siku zote. Vita ya 1996 ikasimamisha kila kitu. Fundi aliyejua umeme alipata kazi mahali pengine. Yule aliyejua mahali tu, bila kujua kazi, alibaki na jina la kiwanda.

"Baba ameamua." Hapa tunakwenda polepole, maana tunaheshimu wazazi, na wao ndio wanaolipa. Lakini mzazi anaamua kwa yale anayoyajua. Usibishane naye kwa mdomo mtupu. Mletee buletini zako za miaka miwili, mwonyeshe: "Baba, angalia alama za kemia, angalia alama za lugha." Kama neno ni gumu, omba mwalimu au prefe azungumze naye, au shangazi anayesikilizwa nyumbani. Mtoto aliyejitayarisha anasikilizwa kuliko mtoto aliyekasirika.

6. KUHESABU GHARAMA

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, kuna mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, naye anaketi kwanza kuhesabu kama ana feza za kuumaliza. Sisi tunahesabu nini?

Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini humanite na chuo si bure. Hesabu ya chuo ina mistari mingi: kuandikishwa, minervali, nyumba, chakula, njia, karatasi, na feza za ugonjwa. Watu wengi wanahesabu minervali peke yake, kiisha mtoto anaanguka kwa sababu ya chakula na nyumba. Ukisoma hapa Uvira ukilala kwenu, mistari miwili mikubwa inapungua. Kwa hiyo usidharau chuo kilicho karibu kama kina masomo unayoyatafuta. Lakini ulizeni kwanza kama kinatambuliwa na serikali, maana diploma isiyotambuliwa haifunguzi mlango.

Bukavu iko na vyuo vingi. Université Catholique ilianza mwaka wa 1989, Université Evangélique en Afrique, ambayo ni ya makanisa ya Kiprotestanti, mwaka wa 1991, na Université Officielle ilianza mwaka wa 1993 kama tawi la Kisangani. Iko pia ISP kwa walimu, ISTM kwa mambo ya afya, na ISDR kwa maendeleo ya vijiji. Hata Kisangani kwenyewe wanafunzi wa Kiprotestanti wana historia: chuo kikuu kile kilianzishwa na makanisa yetu mwaka wa 1963. Serikali ilikiunganisha na vile vya Kinshasa na Lubumbashi mwaka wa 1971, ikavitenganisha tena mwaka wa 1981.

Bujumbura iko karibu kuliko Bukavu, na vijana wengi wa Uvira walisoma kule. Lakini ukisoma inchi ya kigeni uliza mapema juu ya karatasi za kulinganisha diploma, ili ukirudi kazi isikukatalie.

Sasa tuseme neno ambalo sote tunalijua. Njia zetu zinafungwa. Mwaka wa 2020 mpaka wa Burundi ulifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi wa pili 2025 vita iliingia Bukavu, na mwezi wa kumi na mbili ikafika kwetu Uvira. Familia zilikimbia, masomo yalikatika, wengine walipoteza buletini na vyeti. Hatuandiki haya ili kuogopesha mtu. Tunayaandika kwa sababu mpango wenye mlango mmoja, kwa mtoto wa Uvira, si mpango. Andika daima mbili: "Nikipata njia, nitasoma udaktari Bukavu. Njia ikifungwa, nitaanza uuguzi hapa karibu, nitaendelea baadaye." Huyo hakupunguza tamaa yake. Amekataa tu kuketi akingoja.

Na karatasi zenu zilindeni. Buletini, cheti cha msingi, karatasi ya kuzaliwa: vitie katika mfuko wa plastiki, mahali pamoja, na picha yake ibaki katika simu ya mtu mwingine wa familia anayekaa mji mwingine. Ni kazi ya dakika kumi. Wako waliorudia mwaka mzima kwa kukosa karatasi moja.

7. KAZI YA KUFANYA

Somo bila kazi linasahauliwa. Kila mwanafunzi wa darasa la nane achukue karatasi moja, aandike mistari mitano hii:

a) Kazi mbili ambazo ningependa kufanya, na shida ya watu ambayo kila moja inaigusa.

b) Alama zangu katika hesabu, sayansi, Kifaransa, kutoka buletini tatu za mwisho. Aandike alama zenyewe, asiandike "nzuri" wala "mbaya".

c) Opsio inayoelekea kazi ile ya kwanza. Je, inaacha wazi na ile ya pili?

d) Chuo cha karibu kinachofundisha kazi hiyo, na chuo kingine kama njia ya kwanza ikifungwa.

e) Mtu mmoja anayefanya kazi hiyo hapa Uvira. Aende kumwona, amwulize maneno matatu: Ulisoma nini? Ilikuchukua miaka mingapi? Neno gani la kazi hii ambalo watu wa nje hawalijui?

Mstari wa tano ni wa maana sana. Wako waliotaka uuguzi mpaka walipomsikia mwuguzi akieleza zamu za usiku, wakaona si kwao. Na wako waliodharau ualimu mpaka mwalimu mmoja alipowaeleza furaha ya kuona mtoto anasoma mstari wake wa kwanza. Kusikia huko ni bure, na kunaokoa miaka.

Karatasi ikimalizika, iende kwanza nyumbani. Mzazi au mlezi aisome, au asomewe. Kiisha iletwe kwa mwalimu wa darasa, mbele ya likizo ya Pasaka. Sisi wa mwaka wa nne tutabaki darasani kila siku ya tano baada ya masomo kwa mtu yeyote anayetaka kusaidiwa kuijaza.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa sababu gani opsio ya biokimi ilimsaidia Mukwege mwaka wa 1976, hata ingawa alikuwa ameanza uinjinia?

2. Tajeni shida moja ya kata yenu. Watu wa opsio ngapi wanahitajiwa ili kuimaliza?

3. Mwanafunzi ana alama 75 katika lugha na 41 katika hesabu. Baba anataka Hesabu-Fizikia. Mngemwambia nini mtoto? Mngemwambia nini baba?

4. Nini tofauti kati ya kuwa na mlango wa pili na kukosa msimamo?

Juu ya swali la nne sisi wenyewe tulibishana sana, walimu nao walitofautiana. Kwa hiyo hatukuandika jibu. Tutafurahi kusoma majibu yenu katika gazeti linalofuata.

Kwa upande wetu, Egzeta inatungoja mwaka huu. Tutaingia kila mtu na opsio yake, nzuri au ngumu. Mtuombee. Na ninyi wadogo zetu, mkiwa bado na miezi ya kuchagua, chagueni mkiwa macho.

Sisi ndugu zenu wa mwaka wa nne wa humanite.